Majamvi Matatu na Neno la Kiingereza

Mimi ni mtu wa haraka. Chai nainywa nimesimama, nguo nazianua kabla hazijakauka, na nikipiga simu husahau kusalimia mpaka yule wa upande wa pili anikumbushe kwa kunisalimia yeye. Mama yangu, ninayeishi naye hapa mtaa wa Jadida, Pemba, husema nilizaliwa mkunga hajavua viatu. Basi ni kioja kwamba mtu kama mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuwafundisha watoto wa watu neno thorough.

Nafundisha Kiingereza katika skuli moja ya sekondari Wete. Neno lenyewe limo katika somo la maneno ya kumsifu mfanyakazi, na kila mwaka mtoto mmoja hunyoosha mkono akauliza, "Mwalimu, hili kwa Kiswahili ndiyo nini?" Kila mwaka nimetoa jibu jipya. Nimesema ni makini, kisha nikajipinga mwenyewe, maana mtu anaweza kuwa makini na akaishia njiani. Nimesema kamili, lakini hilo ni la kitu kilichokwisha, na neno hili ni la namna mtu anavyokwenda hata akafika huko mwisho. Nimesema wa kina, nikaona linanuka mijadala ya redio. Mwaka mmoja nilichoka, nikawaambia, "Ni mtu ambaye akishapita yeye, hahitajiki mwingine kupita nyuma yake. Akifagia, hakuna wa kurudia." Waliandika wote. Nililipenda sana jibu lile, nikawa nalitumia kila mwaka kama kitu nilichorithi.

Matumizi yake nayo nilikuwa nayajua kwa kichwa. Husemwa upekuzi kuwa ni thorough, au uoshaji, au uchunguzi wa daktari. Husemwa mtu akiwa kazini. Mpishi anaweza kuitwa hivyo, lakini pilau lake haliwezi hata likipendeza vipi. Waingereza pia huliweka mbele ya mambo mabaya, wakasema fujo thorough, au mpumbavu thorough, yaani mpumbavu ambaye upumbavu wake haukubakisha pembe. Hapo darasa hucheka, nami hapo ndipo huanza kukimbiza somo kwa sababu kengele huwa karibu.

Mwaka juzi, matokeo ya kidato cha nne yalipotoka, alikuja nyumbani binti mmoja ambaye nilikuwa mwalimu wake wa darasa. Alikuwa mwembamba, mpole, na darasani nilimjua zaidi kwa kitu kimoja: mtihani ukimalizika yeye alikuwa hajamaliza. Alikuwa anaomba nafasi katika chuo cha kazi za maabara huko Bara. Chuo kilitaka mwalimu wa darasa ajaze fomu ya kumsemea mwanafunzi wake, kwa Kiingereza, kwa mkono, yenye muhuri wa skuli, na ifikishwe kwao karatasi yenyewe. Wanachukua wachache. Akikosa, alinieleza bila kulalamika, mwezi unaofuata angeanza kukaa katika duka la vitambaa la shangazi yake pale mjini, na mambo ya kusoma yangekuwa yamekwisha. Kwao walikuwa wameshakubaliana hivyo.

"Niachie," nikamwambia. "Siku mbili tu."

Fomu ilikaa juu ya friji siku kumi. Muhuri niliugonga siku ya kwanza kwa sababu kugonga muhuri ni jambo la mara moja. Kilichobaki kilikuwa maswali manane, na kila nikipita jikoni nilikuwa naiona ile karatasi na mwili unaniwasha. Nikajaza moja, nikaenda kutazama mboga. Nikajaza jengine, nikakumbuka simu ya kupiga. Lililonikwaza lilikuwa la sita. Liliuliza: je, mwombaji ni thorough? Toa mfano mmoja ulioushuhudia mwenyewe. Nililitazama neno langu limekaa pale, nami mwalimu wake wa miaka mingi, sina la kuandika.

Siku ya kumi ikafika. Binti angekuja saa tatu asubuhi kuchukua fomu, na saa nne na nusu mjomba wake angeondoka na gari kwenda Mkoani kuwahi boti, avuke na fomu mpaka Unguja na kuendelea Bara. Saa mbili na nusu mimi nimesimama jikoni, kalamu mkono mmoja, mwiko mkono wa pili, na mfano ukanijia.

Niliandika hivi. Msimu wa karafuu uliopita, skuli zilipofungwa ili watu wachume, kama wanafunzi kumi na tano walikuja kutusaidia katika shamba letu dogo nje ya mji. Mchana mmoja mvua ilitukuta karafuu zimeanikwa. Tulizizoa, kila mtu akakimbilia barazani. Mwombaji peke yake alibaki uani, ameinama, anaokota moja moja zilizonasa kwenye ukili wa jamvi na zilizomwagika matopeni, mpaka isibaki hata moja. Ndiyo, nikaandika, mwombaji ni thorough.

Nilijisikia vizuri. Kiingereza kilitiririka, na mboga haikuungua.

Alikuja saa tatu kamili, akamwamkia mama yangu kwanza, ambaye alikuwa mlangoni na ungo wake anachagua mchele, kisha akaniamkia mimi. Nikampa fomu na bahasha. Yeye, badala ya kuitia ndani, akakaa barazani akaanza kuisoma tangu jina lake, kidole kinafuata mstari.

"Itie kwenye bahasha, mwanangu," nikasema. "Mjomba wako asije akakuacha."

"Namalizia, mwalimu."

Nilikwenda jikoni nikarudi. Nilifunga dirisha, nikalifungua. Kidole chake kilikuwa kimesimama.

"Mwalimu," akasema taratibu, "hapa nambari sita. Huyu si mie."

"Si weye vipi?"

"Aloziokota zile karafuu ni mwenzangu, tuliyekuwa tukikaa naye dawati moja. Mie sikuokota."

Nikamtazama, nikamkumbuka na mwenzake, wembamba wote wawili, mitandio yao myeupe, dawati la tatu karibu na dirisha. Nilijua papo hapo kwamba anasema kweli, na hasira zikanipanda, si kwake yeye bali kwa saa iliyokuwa ukutani.

"Huko hawamjui yeye wala weye," nikamwambia. "Sifa ni nzuri, muhuri upo. Peleka."

Akainamisha kichwa. Nilidhani amekubali. "Wamesema mfano ulouona mwenyewe, mwalimu. Na huu kwangu hukuuona." Kisha, kwa sauti ndogo zaidi, "Na mwenzangu anataka kuomba mwakani, chuo hicho hicho. Akija kuuhitaji mfano wake, utakuwa nshautumia mie."

Nikafanya kile ninachofanya nikikosa jibu, nikauliza swali jengine haraka.

"Haya, weye siku ile ulikuwa wapi?"

"Nilikuwepo."

"Watenda nini?"

Alikunja pembe ya bahasha, akaikunjua. "Nilishika magunia, mwalimu."

Nyuma yangu ungo uliacha kupeta. Mama yangu si mtu wa kuingilia maneno yangu mbele ya wanafunzi, na hata siku hiyo hakunyanyua uso. Alisema tu, akiutazama mchele, "Huyu ndiye alokwambia usichanganye."

Nilikaa. Nadhani nilikaa chini, maana nakumbuka ubaridi wa saruji.

Kwa asiyejua karafuu, jambo lenyewe ni hili. Karafuu za kila siku zina jamvi lake. Za siku ya kwanza zikishapigwa jua siku tatu nne, ukiivunja moja inalia. Za katikati zinapinda kidogo. Za jana zingali na maji yake. Hazichanganywi. Ukizitia gunia moja, mbichi inatoa jasho, na jasho lile linaozesha kavu na mbichi pamoja. Sikulisoma hilo kitabuni. Nimelijua tangu sijui kuvaa viatu, na hakuna mtoto wa Pemba wa kufundishwa hilo.

Siku ile kulikuwa na majamvi matatu. Wingu lilikuja kutoka upande wa bahari, jeusi, na watoto wakaanza kuzoa. Binti huyu akachukua magunia matatu matupu, akasimama baina ya majamvi, na kila aliyekuja na karafuu alimwuliza, "Hizi za jamvi gani?" Alimwuliza kila mmoja, akazitia gunia lake. Mimi nikaona foleni. Niliona watoto wamesimama na karafuu mikononi na matone ya kwanza yanaanguka, na huyu mtoto anauliza maswali.

"Mwalimu, za jana zende peke yake," aliniambia. Nakumbuka sasa hata alivyosema, amelifumbata gunia la za jana kifuani.

Nikampokonya. Nikamwambia mvua haitamsubiri yeye. Nikamwita goigoi, mbele ya wenzake, nikamwambia aende akakae barazani kwa kuwa kazi hii haiwezi. Kisha nikazoa kwa mikono yangu miwili, yote kwa yote, magunia mawili yakatosha, yakafungwa. Nilikuwa na furaha, maana tuliziingiza ndani kabla mvua haijakolea. Mwenzake ndiye aliyebaki uani akiokota zilizomwagika, na zilimwagika kwa pupa yangu mwenyewe.

Mvua ilinyesha siku nne. Tulipofungua, magunia yalikuwa na moto ndani. Karafuu zilikuwa zimepauka, nyengine zimeota ukungu. Kwenye kituo cha kununulia, mkaguzi aliingiza mkono mpaka kiwikoni, akautoa, akaunusa, akatuonyesha mlango. Mama hakusema neno njia nzima. Mimi ndiye niliyesema. Nilimwambia kila aliyeniuliza kwamba watoto walituchelewesha, kwamba alikuwepo mmoja mzito, mvua ikatukuta kwa ajili yake. Nililisema hilo kwa jirani, nikalisema kwa walimu wenzangu, na mara ya tatu au ya nne nilikuwa naliamini. Ndiyo maana mfano ulinijia kwa urahisi asubuhi ile pale jikoni. Nilikuwa nimeshayahamisha mambo ya siku hiyo kama mtu anavyohamisha viti, na mtoto huyu nilikuwa nimemtoa nje kabisa.

Saa ilikuwa tatu na dakika ishirini. Nikavuta droo nikatoa wino mweupe wa kufutia.

"Maelekezo yanasema ukikosea piga mstari mmoja, mwalimu," akasema. "Halafu utie saini pembeni. Wataka waone palipokosewa."

Maelekezo yalikuwa ukurasa wa kwanza. Yamekaa juu ya friji yangu siku kumi na sikuyasoma. Nikapiga mstari mmoja juu ya mfano wangu mzuri, nikatia saini, na kwa kuwa nafasi haikubaki nikachukua karatasi nyengine. Nikamwuliza kama anataka kweli niandike hili. Akasema niandike nililoliona.

Nimeandika barua nyingi za Kiingereza kwa ajili ya watu wa mji huu, za kuomba viza, za kulalamikia mizigo, za rambirambi. Sijawahi kuandika kosa langu. Nikaanza, mwanamke mzima mwenye miaka hamsini. Niliandika kwamba mwombaji alitaka majamvi matatu yawe magunia matatu, na akamwuliza kila mtu, huku mvua inaanza. Kwamba mimi, mwalimu wake, nilimpigia kelele, nikampokonya, nikachanganya. Kwamba karafuu ziliharibika zote. Kwamba mwombaji alikuwa sahihi na nilimjua kuwa sahihi wakati ule ule. Nikatia jina langu na cheo changu.

Akasoma. Nilisimama, nikakaa, nikasimama tena. Nje mjomba alikuwa ameshafika, anapiga honi. Yeye alifika mwisho wa karatasi, akaigeuza nyuma.

"Nyuma hakuna kitu," nikamwambia.

"Nnajua. Naangalia tu." Akaigeuza tena. Kisha akaninyanyulia uso, na hakukuwa na ukali katika uso wake. "Umemaliza, mwalimu?"

"Nimemaliza. Nenda, nenda, boti haingoji."

Akaushika mkono wa mama yangu, akaubusu, akaubusu na wangu, akaenda.

Ilipasa nipumue. Sikupumua. Siku ile nilifagia uwa mara mbili. Nilipanga kabati la vyombo, nikalipangua kwa kuwa sikulipenda. Mama akaniuliza natafuta nini nikasema situtafuti kitu, nikagundua hata ulimi wangu umekosea, na hakucheka. Kuna kitu kilikuwa kinanikwangua kwa ndani na sikijui jina.

Nilikijua siku ya tatu, nikiwa darasani na chaki mkononi, naandika sentensi ya mfano ubaoni. Nilikumbuka kwamba skuli zilipofunguliwa baada ya msimu ule wa karafuu, tulikuwa na somo la maneno na kinyume chake. Nilifika kwenye neno langu nikataka kinyume, nikaandika ubaoni kwa Kiingereza kwamba mfanyakazi mzembe huharibu karafuu. Kisha nikageuka nikamtazama yeye, dawati la tatu karibu na dirisha, nikasema, "Mnamjua nimsemaye." Darasa lilinyamaza kimya. Nilidhani wanasikiliza. Yeye aliinama akainakili sentensi daftarini, na nilipopita kusahihisha niliiona imeandikwa kwa mwandiko safi, na tarehe juu, na mstari chini. Nikaitia alama ya vyema.

Hilo sikuliandika kwenye fomu. Aliniuliza kama nimemaliza na nikamjibu ndiyo. Sijui kama alilikusudia hilo. Sijapata kumwuliza, na sina ujasiri.

Nafasi aliipata. Yuko mwaka wa pili sasa, na hunipigia siku za Ijumaa, hunisalimia mpaka na afya ya kuku wa mama. Lakini wale walioambiwa uwongo hawakuwa watu wa chuo. Walikuwa wanafunzi thelathini na wanane, na walikuwa wameshamaliza skuli, wametawanyika. Nikalitafuta daftari la mahudhurio la mwaka ule, nikalikuta stoo, nikaanza na jina la kwanza.

Kwa hiyo sasa nimekuwa mwanamke wa kuwasimamisha watu njiani. Wengine nimewapigia simu, wakashtuka, wakidhani nimefiwa. Mmoja nilimkuta hospitali anajifungua, nikangoja mpaka alipoweza kukaa. Yule mwenzake binti wa dawati moja nilimfuata kwao nikamwambia na la fomu pia, nikamwandikia mfano wake juu ya karatasi, aje autumie. Maneno yangu ni mafupi: siku ile ubaoni nilimsema mwenzenu, na aliyeziharibu karafuu ni mimi. Wengi hunitazama wakaona haya, wakageuza maneno, wakaniuliza mama hajambo. Nikishatoka kwao natia alama mbele ya jina.

Wiki iliyopita nilikwenda bandari ya Wesha kumtafuta kijana mmoja anayepakua mizigo ya boti. Nilimkuta ana mfuko wa saruji begani. Akautua, akajifuta mikono kwenye suruali kabla ya kunipa, akaniamkia. Nikamwambia maneno yangu.

"Mwalimu," akasema, "siye twajua. Siku ile shamba tulikuwepo. Mie ndiye nilofunga lile gunia la pili."

"Na darasani mulijua?"

"Sote tulijua."

"Mbona hamkunena?"

Akatabasamu kwa adabu, kama niliyemwuliza jambo la kitoto. "Tunene vipi, na mwalimu ndo weye?"

Akaomba radhi, akainama, akautwika tena mfuko wake. Nilibaki pale juani na daftari langu, watu wananipisha na mizigo. Nikafikiria ule ukimya wa darasa nilioudhani usikivu, na mama yangu njia nzima kutoka kituoni bila neno, na kwamba katika watu wote waliokuwepo ni mtoto mmoja tu aliyenirudishia karatasi yangu. Kisha nikatafuta kalamu mkobani, nikatia alama mbele ya jina la kijana yule. Wamebaki kumi na mmoja. Wote wanajua, na nitawafuata vile vile.